Mvuke wa kupika ngazi hauhitaji presio

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye mnabeba nyumba zetu wakati shimo halitoi kitu, leo siandiki juu ya bei ya kasiterite. Nataka tuongee juu ya pipa. Lile pipa la lita 200, lenye lilifika hapa Kindu na mazout au mafuta ya moteri, na lenye siku hizi mafundi wa kusude wanafunga juu na chini, wanatia tiyo moja na robine, halafu wanauza wakisema ni shodiere ya mvuke.

Sababu ya kuzinunua naielewa vizuri. Bei ya mchanga ikianguka, au comptoir ikikaa wiki tatu bila kununua, njo mafuta ya mawese yenye yanalisha watoto. Wamama wa Kalima, wa Kailo, wa Pangi, wote wanajua kazi ya kuchemsha ngazi: maji mengi, kuni nyingi, moshi machoni toka asubuhi. Mtu akiwaambia kuko namna ya kupika ngazi kwa mvuke, maji yakae pipa moja na ngazi zikae pipa lingine, wanasikiliza. Na wana haki. Ukichemsha kilo 100 za ngazi ndani ya lita 100 za maji, moto unapasha ngazi na unapasha pia yale maji yote yenye utamwaga nyuma. Mvuke unapita kati ya ngazi, unaacha joto lake pale pale, unatiririka chini kama maji kidogo. Kuni zinapungua, mafuta hayatoki na maji mengi ndani. Kazi ni nzuri, mimi siipingi hata kidogo.

Chenye ninapinga ni robine.

Mwaka jana niliitwa kwenye cité moja ya wachimbaji, sitaji jina yake ju wenyewe bado wako na uchungu. Pipa lilikuwa juu ya moto, robine imefungwa, ju wamama walikuwa hawajamaliza kupanga ngazi kwenye pipa la pili. Waliambiwa na fundi: « Fungeni kwanza, mvuke upate nguvu. » Chini ya pipa kulivimba sawa tumbo. Halafu soudure ikapasuka upande mmoja, maji ya moto yakatoka yote mara moja. Mama mmoja aliungua toka kifua mpaka magoti. Watu waliniambia kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mtu akifunga maji ndani ya chuma na akawasha moto chini, hiyo si bahati, ni hesabu. Tuifanye basi hiyo hesabu.

Kifuniko cha pipa la lita 200 kina upana wa karibu sentimetre 57. Ukipima eneo lake, unapata karibu sentimetre 2 550 za mraba. Presio ya 1 bar ni karibu kilo moja juu ya kila sentimetre ya mraba. Maana yake, na 1 bar tu, kifuniko kinasukumwa na uzito wa tani mbili na nusu. Na 3 bar, ni tani saba na nusu, sawa vile camion yenye mzigo ikisimama juu ya bati la milimetre moja. Mtu atasema: lakini tairi ya moto iko na 2 bar na haiui mtu! Ni kweli. Tairi ni ya mviringo, haina kifuniko cha bapa, na ndani yake kuko hewa kidogo tu. Pipa liko na maji, na hapo njo hatari kubwa inalala.

Maji ndani ya chombo kilicho wazi yanachemka kwa digri 100 na hayapandi tena. Ukifunga chombo, yanapanda. Kwa 3 bar yanafika digri 144 na yanabaki maji, ju presio inayazuia kuwa mvuke. Sasa soudure ikipasuka, presio inaondoka mara moja, na yale maji ya digri 144 hayawezi kubaki hivyo. Katika kila lita 100, karibu lita 8 zinageuka mvuke palepale, kabla hujafunga jicho. Na lita moja ya maji inatoa zaidi ya lita 1 600 za mvuke. Lita 8 tu zinajaza chumba kizima cha kulala. Kile chumba cha mvuke kinataka kutoka ndani ya pipa kwa mara moja. Njo ile yenye inabomoa ukuta, si maji yenyewe.

Nimeongea na mafundi watatu hapa mjini, nikawauliza kwa nini wanafunga. Wote walinijibu neno moja: presio ndiyo nguvu, bila presio mvuke ni mwepesi, hautapika. Hili neno tuliangalie karibu, ju linaonekana kama kweli na ndilo linaunguza watu.

Joto la mvuke haliko katika presio. Kutoa kilo moja ya maji kwenye digri 25 mpaka digri 100, unahitaji joto kiasi fulani. Kuyageuza sasa yale maji ya digri 100 kuwa mvuke wa digri 100 ileile, unahitaji karibu mara saba ya joto lile. Hilo joto lote linajificha ndani ya mvuke, na mvuke ukigusa ngazi baridi unaliachia lote. Njo maana mvuke wa sufuria unaunguza mkono kuliko maji yanayochemka. Sasa ukifunga na kupandisha presio mpaka 3 bar, unaongeza kiasi gani cha joto katika ile kilo? Karibu 2 kwa 100. Ukipanda mpaka 7 bar, haifiki 4 kwa 100. Unatia tani nyingi juu ya kifuniko, unaweka maisha ya wamama kwenye bati, kwa faida ya kijiko kimoja cha joto juu ya sahani nzima.

Nitakuwa mwaminifu: mvuke wa 3 bar uko na digri nyingi zaidi, kwa hiyo unapika haraka. Njo sababu viwanda vikubwa vya mawese vinatumia shodiere zenye presio, ju wanaingiza mikungu mizima ndani ya vyombo vya chuma kinene, na mvuke uleule unazungusha mashini. Lakini sisi hatuingizi mikungu. Wamama wetu wanapukuta ngazi kwanza. Na kile chenye tunatafuta kwa kupika ngazi ni vitu viwili: kulainisha nyama yake ili prese iikamue vizuri, na kuua ile chachu ya ndani yenye inageuza mafuta kuwa makali na kupunguza bei sokoni. Ile chachu inakufa kabla hata ya digri 100. Ngazi zilizopukutwa, ndani ya mvuke wa kawaida, zinalainika ndani ya saa moja au mbili. Nani kati yetu anakimbizwa na nini, mpaka auze ngozi yake kwa kupata nusu saa?

Tena huu mji wetu haukujua mvuke leo. Reli ya CFL kati ya Kindu na Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, kilometre 355, na mashini zake zilikula kuni. Mabato ya Lualaba kutoka hapa mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, yalikula kuni vilevile, na kando ya mto kulikuwa vituo ambapo watu wetu walikata miti na kuipanga, wengi kwa nguvu na si kwa kupenda. Zile shodiere zilikuwa na presio kubwa, ndiyo. Lakini angalieni zilivyokuwa: chuma kinene cha mviringo, kilichofungwa na riveti safu kwa safu, supape mbili si moja, kioo cha kuonyesha maji yamefika wapi, manometre, na mtu mmoja, shofa wa moto, mwenye kazi yake ya siku nzima ilikuwa kuangalia kile kioo na kile manometre. Huyo mtu alifundishwa miaka. Leo tunatwaa pipa la mazout, hatuna kioo, hatuna supape, na shofa wa moto ni mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye alitumwa kusukuma kuni.

Na hata wale wenye chuma kinene walikufa. Marekani, tarehe 20 mwezi wa tatu 1905, shodiere ya kiwanda cha viatu katika mji wa Brockton ilipasuka na watu 58 walikufa, wengi wao wafanyakazi. Ni baada ya maiti hizo, na zingine kama hizo, njo sheria za kujenga na kupima shodiere zilitungwa kule. Wafaransa wana mtu wao, Denis Papin, mwenye alitengeneza chungu cha mvuke mwaka 1679. Yeye mwenyewe aliona chungu kinaweza kupasuka, akavumbua supape ya usalama. Zaidi ya miaka 340 imepita. Fundi mwenye anafunga pipa bila supape katika avenue yetu anarudisha watu nyuma ya Papin.

Lakini mimi siwaambii mnunue supape. Supape ya kweli ni ghali, na ya soko hujui imepimwa wapi. Zaidi ya hapo, supape ikikaa miezi mitatu inashika kutu na kuganda, na fundi akiona inavujisha anaikaza na ufunguo au anatundika jiwe. Nimeona hayo kwa macho. Tunataka kitu chenye hakiwezi kukazwa, hakiwezi kuganda, na chenye bei yake mama wa kikundi anaweza kulipa. Kitu hicho kiko. Ni tiyo iliyo wazi.

Wakati wa James Watt, Waingereza walijua hii siri: shodiere zao za presio ndogo zilikuwa na tiyo ndefu iliyosimama wazi mpaka juu. Na mpaka leo, New York na miji mingine ya baridi, kuko nyumba nyingi zenye zinapashwa moto kwa mvuke wa presio chini ya 1 bar. Kupasha moto hakutaki presio. Kusukuma treni ndiyo kunataka.

Tiyo inatengenezwa hivi. Twaa tiyo ya chuma ya inchi mbili. Toboa kifuniko cha pipa, ipitishe, isude imara. Chini, tiyo iingie ndani ya maji na iishie karibu theluthi moja ya urefu wa pipa toka chini, yaani kama sentimetre 30 na kitu. Juu, ipite kifuniko kwa metre moja. Kule juu ipinde kama shingo ya bata, mdomo uangalie chini upande wenye hakuna mtu anapita, na weka ndoo pale. Usiweke robine kwenye tiyo hii. Usiweke bouchon. Usiiunganishe na kitu chochote. Fundi akikuambia ataweka kirobine kidogo « ju mvuke usipotee », mwambie aondoke na pipa yake.

Mvuke ukianza kusukuma ndani ya pipa, unasukuma maji, na maji yanapanda ndani ya tiyo. Metre moja ya maji yenye kusimama ni 0,1 bar. Kwa hiyo presio ndani ya pipa haiwezi kupita karibu 0,15 bar: ikitaka kupita, maji yanamwagika kwa ndoo na mvuke unapata njia. Hakuna kitu cha kukaza. Ni uzito wa maji tu, na uzito wa maji hauchakai. Presio hiyo inatosha kabisa kupeleka mvuke wa digri 103 au 104 mpaka pipa la pili.

Na hii tiyo inafanya kazi ya pili yenye watu hawaioni. Maji ndani ya pipa yakipungua mpaka kufika mdomo wa chini wa tiyo, mvuke unaingia humo na unatoka juu kwa kelele. Hata mtoto atasikia. Maana yake: maji yamebaki theluthi, toa kuni. Hapo unaondoa moto, unangoja pipa lipoe, njo unaongeza maji. Usimwage maji baridi ndani ya pipa lenye limekauka na chuma chake ni chekundu, hata kama mwenye kikundi anapiga kelele kwamba kazi inachelewa. Chuma chekundu kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na maji yakikigusa yanageuka mvuke yote kwa mara moja.

Kuko kazi ya tatu pia. Jioni moto ukizimika, mvuke ndani ya pipa unarudi kuwa maji, na nafasi inabaki tupu. Pipa lililofungwa linakunjamana kama karatasi, au linavuta maji machafu ya pipa la ngazi kurudi ndani. Pipa lenye tiyo wazi linavuta hewa kidogo kupitia tiyo na linabaki mzima.

Wazee wenye wanapika lutuku watanicheka, ju hii wanaijua. Pipa la lutuku liko wazi siku zote: mvuke unapita tiyo, unapita ndani ya maji baridi, unadondoka ndani ya chupa. Hakuna mtu anayefunga pipa la lutuku na robine. Na wanajua siku ya hatari ni siku yenye unga wa muhogo umeziba tiyo. Basi wamama wa mafuta wastahili usalama wenye tunampatia mtu wa lutuku.

Sasa tanuru. Wengi wanaweka pipa juu ya mawe matatu, moto unakula pande zote, upepo unabeba nusu ya joto mpaka kwa jirani. Jengeni ukuta wa matofali na udongo kuzunguka pipa, muache nafasi ya vidole vitatu kati ya ukuta na chuma ili moto upande ukilamba pipa. Lakini ukuta huo ufunge na kubana pipa kwenye theluthi ya chini, kidogo chini ya pale tiyo yetu inapoishia ndani. Hii si urembo. Moto usiguse chuma chenye hakina maji nyuma yake. Chuma chenye maji nyuma hakipiti sana joto la maji yenyewe. Chuma chenye mvuke tu nyuma kinaweza kuwa chekundu. Ukiweka mdomo wa tiyo juu kidogo ya mwisho wa moto, kelele itakuja kabla ya hatari. Vile vipimo viwili vinaenda pamoja, fundi asivitenganishe.

Chini ya kuni weka vyuma vya béton vilivyopangwa kama kichanja, na chini yake shimo la majivu lenye mlango. Hewa ipite chini, ipande kati ya kuni. Kuni zilizolala ndani ya majivu zinatoa moshi, na moshi ni kuni yenye haikuwaka. Upande wa nyuma, shimini ya udongo au ya bati, irefuke kupita kichwa cha mtu mrefu, moshi uende juu na si machoni mwa wamama.

Kuhusu kuni nitasema kifupi ju kila mtu anajua lakini hakuna mtu anafanya. Mti mbichi, nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, kazi ya kwanza ya moto ni kukausha yale maji, na hujapata kitu. Kilo ya kuni kavu inatoa karibu mara mbili ya joto la kilo ya kuni mbichi. Pasueni, pangeni chini ya bati, mngoje miezi. Kikundi chenye kinanunua kuni za leo kwa kupika leo kinanunua maji.

Pipa la pili, la ngazi, liwe na kichanja cha bati lililotobolewa, kiasi cha kiganja kutoka chini, na ngazi zikae juu yake. Mvuke uingie chini ya kichanja. Chini kabisa kuwe na kitundu cha kutoa maji, kiwe wazi siku zote. Na kifuniko: majani ya ndizi na gunia juu, basi. Kisifungwe na waya, kisitiliwe jiwe kubwa. Robine kati ya mapipa mawili, kama mnaitaka, sasa inaweza kuwekwa bila woga, ju hata ukiifunga, tiyo ya metre moja iko pale.

Kabla ya moto wa kwanza kuko jaribio moja, na hili njo lenye ningependa lifanyike mbele ya watu wote wa kikundi. Jazeni pipa maji baridi mpaka kifuniko, hewa yote itoke. Fungeni matundu mengine. Kwenye tiyo ya juu, kabla ya kuipinda, ungeni tiyo ingine mpaka metre tatu juu ya kifuniko, mpande juu ya ngazi ya mti mjaze maji mpaka juu kabisa. Hiyo inatoa 0,3 bar, mara mbili ya ile pipa litapata kazini. Mwache saa moja. Soudure mbaya italia machozi, hamtaungua, ju maji baridi hayavimbi kama mvuke: yakipata nafasi kidogo, presio yake inaisha. Pompi haihitajiki, ingenieri hahitajiki. Jaribio hili lirudiwe kila mwaka, ju kutu inakula pipa toka ndani na hamuioni.

Neno kwa mafundi wenyewe, ju na wao ni wafanyakazi na sindika haiwasahau. Pipa tupu la mazout au la essence halijawahi kuwa tupu. Ule mvuke wa mafuta wenye umebaki ndani unangoja cheche ya posti ya kusude. Lisafisheni na maji ya moto na sabuni, halafu lijazeni maji karibu na pale mnapokata, kabla ya kugusa. Na pipa lenye lilibeba dawa ya wadudu au acide lisitumike kabisa kwa chakula, hata likioshwa mara kumi.

Nani atasimamia? Watu wataniambia: sindika ni ya mgodi, mambo ya wamama na mafuta inakuhusu nini? Inanihusu hivi: pesa ya lile pipa ilitoka shimoni. Karibu kila kikundi chenye nimetembelea kilinunua vyombo na likelemba ya wachimbaji, au na pesa ya kooperative yenyewe. Mchimbaji akifa shimoni tunauliza nani aliweka mbao za kushikilia udongo. Bibi yake akiungua kwenye pipa lenye kooperative ililipa, tunapiga magoti na kusema ni mapenzi ya Mungu. Mimi naona ni mahali pa kazi, sawa na shimo. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inazungumza juu ya usalama na afya kazini, na juu ya comité ya usalama na usafi. Mahali penye kuko comité, ipewe pia kuangalia shodiere. Mahali penye hakuna, delege wa sindika aende mwenyewe na metre yake ya kupimia.

SAEMAPE, kazi yake ni kusaidia wachimbaji wadogo kiufundi. Wanakuja kuangalia shimo na mchanga. Wanaweza pia kutumia nusu saa kuangalia pipa. INPP, kazi yake ni kufundisha mafundi. Tunaomba waite wasude wa Kindu kwa siku mbili tu, waonyeshwe jaribio la maji baridi na tiyo wazi. Hiyo si projet ya mamilioni, hatuhitaji kungoja mzungu wala bailleur. Na makampuni yenye yana leseni katika mkoa, yenye Kanuni ya Madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inayataka kutenga 0,3 kwa 100 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji: kabla ya kutujengea tena jengo lenye rangi nzuri na bila dawa ndani, wajumbe wetu wanaweza kuomba tiyo za inchi mbili, vyuma vya kichanja na mashini za kusude zenye zinafanya kazi.

Bei yake nimeshauliza hapa mjini. Tiyo ya metre mbili, soudure yake na siku moja ya fundi ni sehemu ndogo ya bei ya pipa zima lenye mnalipa. Kwa vikundi vyenye vina pipa lililofungwa tayari: zimeni moto, likipoa peleka kwa fundi atoboe kifuniko. Robine ya zamani inaweza kubaki. Mama mwenye cheo cha kikundi apime mwenyewe: metre moja juu, sentimetre 30 na kitu toka chini, mdomo wa juu wazi mpaka apitishe vidole viwili ndani.